Samli Juu ya Boneti

Haya nimeyaona yote kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa mwisho wa benchi, karibu na birika la Faki muuza kahawa, hapa Bariadi mjini; atakayebisha aje anitafute. Asubuhi hiyo Mayige alikuja na gari jeusi la dada yake Wilhelmina, nesi wa Mwanza. Dada alimwachia tangu pamba ikipaliliwa, ili ampeleke mama yao kliniki ya magoti. Gari lote limevikwa nailoni angavu ya kulinda rangi, na Wilhelmina alipoondoka alisisitiza, "Nailoni hiyo uitunze." Sasa anarudi kesho, na boneti ina mabaka ya njano, nailoni imebanduka ukingoni kama ganda la kidonda. Mayige hakulala.

— Uliioshea nini? aliuliza Anatoli, fundi wa bomba za kupulizia pamba, ambaye kijiwe kizima tunamwita Injinia.

— Sikuiosha. Niliipaka samli.

— Samli!

— Ngozi ya ng'ombe usipoipaka si inapasuka? Nikaona na hii ni ngozi. Kila Jumapili kijiko kimoja. Vumbi likanata. Halafu ndama wakaja kuramba.

Faki aliweka birika chini ili acheke vizuri.

— Ulimi wa ndama ni msasa, bwana! Wamekubandulia.

— Nailoni inapumua, alisema Injinia. Huyu kaiziba pua. Leta pasi ya mkaa, tuinyooshe.

— Umchomee Wilhelmina gari lake? alijibu Faki. Hiyo inataka maji mengi, sabuni isiyo kali na kitambaa laini, kivulini. Kinyesi cha ndege ukitoe mapema. Binamu yangu anaosha magari Nyashimo, anazijua. Tena ikikwaruzika kidogo, ianike juani, inajiponya.

— Inajiponya juani? alidakia Injinia. Basi watu wa Mwanhuzi wangejivika, kwa jua lile nani angeumwa? Nimesikia matajiri wa ng'ambo wanajivika kweli. Hawazeeki.

— Jasho linatokea wapi? aliuliza Faki.

— Kuna zipu.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Mayige peke yake hakucheka. Alikuwa akiwaza jinsi alivyolilinda gari lile: turubai kila jioni, miiba kuzunguka ua, na kwa miezi yote limetoka mara mbili tu. Moyoni alijiona mtunzaji kuliko wote mkoani, na bado limemharibikia.

Hapo akafika Felisita, jirani yao mpya, aliyehamia juzi kutoka Mwamapalala, akamsalimu Mayige Kisukuma.

— Mwangaluka, bhabha.

— Mwangaluka, mayu.

— Nimempita mama yako pale kwenye kiwanda cha pamba, anakwenda kliniki kwa miguu. Anasema bodaboda unayompakizaga leo haikuja. Kaketi chini mara mbili. Nikajua gari ni bovu, kumbe ndilo hili. Linaumwa nini?

Injinia aliangalia matairi, yalikuwa mazima. Faki alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika. Mayige alifungua mdomo. Alitaka kusema kokoto. Alitaka kusema vumbi, na fimbo ya mama ambayo ingekwaruza mlango. Kila jibu lilifika kwenye ulimi, likaona aibu, likarudi.

— Mayige, alisema Felisita taratibu, nimeuliza tu.

Mayige aliingia garini akawasha. Alipokata kona kuingia barabarani upepo uliishika ile nailoni ya boneti ikachanika kipande kirefu, kikapepea, naye hakusimama kukitazama. Alisimama kwenye kiwanda cha pamba. Tulimwona akishuka, akimshika mama yake kiwiko, na fimbo akiilaza yeye mwenyewe juu ya boneti, palepale kwenye samli, apate mikono miwili ya kumpandishia. Mama yake, Bi Ng'washi, alipokaa akamtazama mwanawe, akacheka.

Hapo alipocheka nimepaweka mimi. Kutoka kwenye benchi hadi kiwandani ni mbali, niliona mgongo wa Bi Ng'washi tu.