Bastola ya Kapteni na Trekta ya Mkwe

Benchi letu liko mbele ya duka la lishe ya mifugo, hapa kwetu Kansas, na kila Jumamosi asubuhi tunalikalia sisi watatu kana kwamba tunalilipia kodi. Yuko Delbert, tunamwita Lenzi, kwa sababu hatoki nyumbani bila kile kioo cha kukuzia cha fundi saa. Yuko Orville, tunamwita Jaji, kwa kuwa zamani aliitwa mahakamani mara moja kusikiliza kesi ya ng'ombe, na tangu siku hiyo hajaacha kuhukumu. Na niko mimi, Merle, ninayeitwa Mjuzi, jina nililojipa mwenyewe. Sote tunakusanya bastola za kale za zawadi, zile zilizochorwa nakshi na jina la aliyepewa. Jumamosi hiyo nilifika na moja ndani ya soksi. Alhamisi, mke wangu Darlene akiwa Salina kwa dada yake, niliichukua kwa mtu aliyekuja nyumbani, nami nikampa trekta ya marehemu baba yake. Darlene alikuwa anarudi adhuhuri. Nilitaka jibu moja tu kabla hajafika: bastola ni ya kweli, au nimepigwa?

Lenzi: We! Usiishike na mkono mtupu! Jasho lako chumvi tupu.

Tukavaa glavu nyeupe za pamba, wote watatu. Mpita njia angedhani tunataka kumpasua mtu.

Mimi: Soma hapo, mgongoni mwa mpini.

Lenzi: "Kwa Kapteni Thaddeus Burl, kutoka kwa wanaomshukuru, 1867." Mmh. Nakshi ya majani ni kazi ya fundi haswa. Lakini hii B ya Burl inatetemeka. Maandishi yanaweza kuwa yameongezwa juzi, ili auziwe mjinga.

Mimi: Mjinga gani?

Jaji: Endelea, Lenzi. Amekuelewa.

Mimi: Fundi alikuwa anasikia baridi, jamani! Vidole vimekufa ganzi!

Jaji: Baridi wapi! Fundi alikuwa anampenda mke wa Kapteni. Kila akifika kwenye jina la mume, mkono unakataa.

Lenzi: Umejuaje?

Jaji: Lisemwalo lipo.

Lenzi: Nani kalisema?

Jaji: Si mimi, sasa hivi!

Lenzi akamimina kahawa, akarudi kwenye kioo chake.

Lenzi: Kuna mbwa kwenye silinda. Ana miguu mitano.

Mimi: Wa tano ni mkia.

Lenzi: Mkia uko huku.

Jaji: Basi ni ya kweli kabisa! Tapeli angehesabu miguu. Fundi wa kweli hana muda huo. Penye miti hapana wajenzi.

Hiyo methali iliingiaje hapo sijui, lakini nilitaka kumbusu.

Lenzi: Au ni mbwa wawili, mmoja kajificha nyuma ya mwenzake.

Jaji: Hapana. Kapteni alikuwa jasusi. Mguu wa tano ni ramani. Tazama, unaelekea magharibi.

Lenzi: Magharibi kuna nini?

Jaji: Dhahabu, bwana! Au kisima. Sasa wewe Mjuzi, huyo aliyekuletea ulimpata wapi?

Mimi: Sikumtafuta. Alinifuata mwenyewe mpaka uani. Si wahenga walisema, kizuri chajiuza?

Jaji: Na kibaya?

Mimi: Hapo huwa simalizii.

Lenzi alikuwa amefika kwenye mtutu. Akapiga kelele hadi njiwa wa paani wakaruka.

Lenzi: Haijafyatuliwa! Hata risasi moja! Miaka yote hii haijafanya kazi hata siku moja!

Kwetu sisi hakuna sifa inayoizidi hiyo. Jaji alivua kofia. Mimi nilijiona nimepona, nikaanza kupanga maneno matamu ya kumwambia mke wangu. Hapo hapo gari lake likasimama mbele yetu. Ilikuwa saa nne na nusu.

Jaji: Shemeji! Karibu kahawa.

Darlene: Asante, shemeji. Nimepitia nyumbani. Merle, trekta ya baba iko wapi?

Maneno matamu yote yalikimbia. Nikampa bastola. Akaipokea bila glavu, Lenzi akaguna kama aliyekanyagwa kidole. Darlene alisoma yale maandishi taratibu.

Darlene: Walimshukuru kwa lipi?

Lenzi: Unajua, shemeji, nakshi ya majani ya aina hii...

Darlene: Sijauliza majani, shemeji. Huyu Kapteni alifanya nini?

Lenzi akamtazama Jaji. Jaji akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mbwa wa miguu mitano. Asubuhi nzima hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuuliza hivyo.

Darlene: Nilipokuwa na miaka tisa, jirani yetu Kessler alifariki katikati ya mavuno. Baba aliiacha ngano yake ikisubiri, akaenda na ile trekta kumvunia mjane shamba lote, siku tatu. Mimi ndiye niliyempelekea maji. Mvua ya mawe ikaja, ngano yetu ikaenda yote. Hakuna aliyemchorea jina lake popote.

Nilitaka kumwambia kwamba bastola ni mpya kabisa, haijawahi kufanya kazi.

Darlene: Aliyeichukua trekta anaitwa nani?

Kioo cha Lenzi kilimdondoka, na hakuinama kukiokota. Nilikuwa na jina kamili la mtu aliyekufa zamani hizo, na cheo chake. La mtu aliyeondoka na trekta juzi sikuwa nalo.

Darlene: Alielekea wapi?

Mimi: Magharibi.

Darlene alifungua mlango wa gari upande wangu, akasimama akiushikilia.

— Ingia, — akasema. — Tutauliza nyumba kwa nyumba. Na utakayeuliza ni wewe.