Zulia la Sitaha Lapimwa kwa Makalio

Benchi la kijiwe chetu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kuchonga funguo, kwa hiyo upuuzi wowote unaosemwa pale hunipitia mimi kwanza. Sikuliweka mimi, na kuliondoa nimeshindwa. Ukikaa pale unaona gati, unaona maji mpaka ng'ambo, na siku hizi unaiona boti ya Nahodha imekaa nchi kavu juu ya magogo, haina kazi. Kijiwe hiki hiki ndicho kilichomshauri aweke sitahani zulia la plastiki linalong'aa, eti boti ipate hadhi. Akaweka. Mvua ya kwanza tu, mama mkwe wake akateleza wakati wa kushuka ng'ambo, akaumia nyonga. Siku hiyo hiyo Nahodha alilibandua lote kwa mtaimbo, akaipandisha boti, akaapa haigusi maji mpaka apate zulia lisiloteleza. Mkewe akabaki kule kumuuguza mama. Juzi akapiga simu: mama anatakiwa hospitali kubwa, ya upande wetu huku, Alhamisi asubuhi, njoo na boti. Hakuna nyingine ambayo mgonjwa anaweza kulala ndani yake. Zilizobaki ni vijitumbwi. Leo Jumatano, Nahodha amerudi kutoka dukani na vipande vinne vya mfano, vya zulia la plastiki ya kufumwa. Na badala ya kuchagua kimoja na kwenda zake, amevileta kijiweni, kwa sababu hapa kuna mila moja ya kijinga: jambo halikatwi mpaka kila aliyeshika kikombe akubali.

— Chagueni upesi, alisema Nahodha. Gundi inataka usiku mzima ikauke. Kesho alfajiri lazima niwe majini.

— Shikamoo kwanza, alisema Msumari.

— Marahaba. Chagua!

Msumari ni fundi makochi. Alichukua kipande cheusi, akakikunja, akakikunjua, akakinusa, kisha akakiweka kwenye benchi na kukikalia. Akajitikisa kulia. Akajitikisa kushoto.

— Kigumu, akasema. Hakina sponji chini.

— Wewe unafanya nini? niliuliza kutoka dirishani.

— Napima.

— Zulia la kukanyagwa unalipima kwa makalio?

— Mchonga funguo, baki na funguo zako. Mimi nimepima makochi ya mji huu mzima hivi hivi, hakuna aliyelalamika.

Kabla sijamjibu, Profesa naye alishakalia kipande cha kijivu. Profesa hajawahi kufundisha hata kasuku. Tunamwita hivyo kwa sababu husoma karatasi ya maelekezo ya kila kitu, mpaka ya dawa ya mende, halafu anatusimulia kana kwamba ameiandika yeye.

— Zulia la kufumwa lina vitundu, Profesa alisema. Vitundu vinakaa maji. Leo tone, kesho tone. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja boti itakuwa nzito, itazama yenyewe hata pasiwe na wimbi.

— Vitundu ndivyo vinavyofanya lisiteleze! Nahodha alifoka. Muuzaji amenieleza. Nyuzi zinaushika mguu, maji yanapita, jua likiwaka linakauka. Ninachotaka kujua ni rangi gani haitaunguza miguu na mgongo gani utashika gundi. Basi! Mambo mawili!

— Muuzaji, alisema Profesa, akicheka kwa pua. Muuzaji atakwambia vitundu vinazamisha?

Mama Buli, anayetuuzia kahawa, alikuwa amesimama na birika lake mkononi. Yule mama ana huruma kuliko mimi.

— Nahodha, mwanangu, chukua kimoja uende. Mchagua nazi hupata koroma.

— Mama, nikichukua bila wao kukubali, mwaka mzima nitasemwa hapa.

— Na ukichelewa, mama mkweo atasema nini?

Nahodha alikunywa kahawa iliyokuwa bado ya moto, akaungua ulimi, akamlaani Msumari.

— Mimi nimefanya nini? Msumari akauliza.

— Umekaa! Tangu nije umekaa tu!

— Nimekaa juu ya tatizo lako, bwana. Sikiliza. Lazima liwe na sponji chini, nene, kama godoro. Kwanza, mtu akianguka anaanguka pazuri. Pili, boti ikizama, zulia lenyewe litaelea, abiria wapande juu yake wapige makasia kwa mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali inahusu nini hapa?

— Kuinama. Ukiinama unapiga magoti. Sponji inalinda magoti.

Niliitupa tupa yangu chini. Nilikuwa nachonga ufunguo wa mlango wa mtu na jino moja nilishaliharibu kwa hasira. Sponji sitahani! Kila aliyewahi kuacha godoro kwenye mvua anajua litanuka nini baada ya wiki. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa.

— Atalianika, alisema Msumari.

— Limegundishwa! Atalianikaje?

— Ataianika boti.

— Si ndiyo ameianika hiyo! nikamwonyesha kule kwenye magogo. Mnaiona? Imekauka mpaka inataka kupasuka!

Walitazama boti wote, wakaitazama kama kitu cha jirani, kisha wakarudi kwenye vipande vyao. Profesa alikuwa amehamia kwenye cha miraba, cheupe na chekundu.

— Hiki hapana kabisa, akasema. Abiria ataanza kuhesabu miraba. Boti inayumba huku, yeye anahesabu kule. Macho na tumbo vinagombana. Mtatapikiwa mpaka mfike.

— Sasa tukubaliane cheusi, Nahodha alisema. Cheusi hakina miraba.

— Cheusi kinavuta radi.

— Nani kasema?

— Kila kitu cheusi. Mwavuli mweusi, paka mweusi...

— Paka amepigwa na radi lini, Profesa?

— Hajapigwa kwa sababu anakimbia. Boti yako inakimbia?

Msumari akapiga makofi. Alikuwa ameipenda hoja hiyo, akaongeza yake juu. Alisema lililo muhimu kuliko rangi ni nyuzi zinaelekea wapi. Nyuzi zikilala upande upande, boti itavuta upande huo huo, utaelekeza gatini ijikute kwenye mawe. Akatoa ushahidi: aliwahi kutandaza kitambaa cha mistari kwenye kochi, na mwenye kochi kila akilala anaangukia kushoto.

— Alikuwa mlevi, nikasema.

— Alikuwa mlevi, lakini mbona kushoto?

Nahodha alisimama. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

— Jamani, nawaomba. Mke wangu yuko ng'ambo. Simu zangu hapokei tangu jana. Mama yake hawezi hata kugeuka kitandani. Kesho daktari anamsubiri, na mimi ndiye niliyemwangusha. Mnanielewa? Mama mkwe! Mtu ambaye kwa heshima hata macho yake siyaangalii, nimemwangusha mbele ya watu, nguo zimempanda, bakora imeruka majini. Nataka kesho apandishwe boti yangu, wanaombeba wakanyage pahali pasipowatupa. Ni hilo tu.

Msumari akainuka juu ya kile cheusi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilidhani wamepata akili. Kisha Profesa akakohoa.

— Pole sana. Ila tuseme ukweli, alionywa ashuke taratibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sikuona Nahodha alipomfikia. Nilichoona ni kikombe cha Profesa hewani na kola ya Profesa mkononi mwa Nahodha.

— Mkuu ni nani? Ni wewe? Si wewe uliyesema niweke lile la kung'aa? Si wewe uliyesema abiria wajione sura zao sakafuni?

— Tulikubaliana wote! Profesa alilia. Kijiwe kizima! Penye wazee haliharibiki neno!

— Limeharibika! Neno limeharibika na nyonga imeharibika!

Mama Buli aliingiza birika la moto katikati yao, na hakuna mwanamume anayegombana na birika la moto. Waliachiana. Profesa alikaa, akajifuta kahawa kifuani, na kwa kuwa hana haya, akachukua kipande cha nne ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu. Kilikuwa cha rangi ya kahawia. Kabla ya kukikalia alikitazama, na uso wake ukabadilika.

— Ngojeni kwanza, akasema. Msumari, njoo uone. Hiki si kimefumwa kama mbao?

Msumari akasogea.

— Kweli. Ubao huu, huu ubao mwingine, na katikati wameweka mstari mweusi.

— Mpaka mafundo ya mti yapo!

— Ukisimama mbali utaapa ni mbao.

— Haking'ai, alisema Nahodha polepole, akikipapasa. Na ni kikavu mkononi. Kinashika.

— Abiria atajisikia yuko kwenye boti ya kweli, alisema Profesa. Hakivuti radi. Hakina miraba.

— Nyuzi zinaelekea mbele, alisema Msumari. Sponji nimeiacha, ndugu yangu, kwa ajili ya mama.

Wakakubaliana. Naapa sijawahi kuona kijiwe kile kikikubaliana kabla ya adhuhuri. Wakapeana mikono, Msumari akamkumbatia Nahodha, Profesa akasamehewa, Mama Buli akamimina duru nyingine. Nahodha alikuwa anacheka huku macho yamemlowa. Akasema anakimbia dukani sasa hivi, Msumari alete kisu na mwiko wa gundi, jioni sitaha itakuwa imekamilika.

Ndipo shemeji yake akatokea kwenye kona.

Huyu ni mdogo wa mke wake, msichana mpole ambaye siku zote hutusalimia mmoja mmoja. Leo alikuwa mwekundu kwa vumbi, nywele, nyusi, mpaka midomo, na hakumsalimia mtu.

— Shemeji! Nahodha aliruka. Umefikaje huku?

— Kwa lori la mchanga.

— Kuzunguka barabara yote ile? Kwa nini? Dada yuko wapi?

— Yuko hospitali na mama. Tumemlaza mama juu ya mchanga, tumemshika huku na huku. Kila shimo alikuwa anapiga kelele. Baadaye akaacha kupiga kelele, ikawa mbaya zaidi.

Nahodha alishika ukuta wa kibanda changu.

— Lakini kesho... Nilisema kesho alfajiri nakuja. Si mngenisubiri?

— Jana jioni dada alisimama gatini kwetu. Hii boti inaonekana kutoka kule, shemeji. Aliiona iko juu ya magogo. Akakaa mpaka giza likaingia, haijashuka. Akasema tutafute lori.

— Nilikuwa nachagua zulia! Kwa ajili ya mama! Tazama, tumeshapata, dakika hii hii tumepata. Akamwekea kile kipande mikononi. Halitelezi. Shika uone. Limefanana na mbao kabisa.

Yule binti alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Vumbi la vidole vyake likabaki juu yake. Hakuwa anatania wala kumkejeli mtu, naweza kuapa; alitaka kujua tu.

— Na kabla ya lile lililomwangusha mama, kulikuwa na nini sitahani?

— Mbao, alisema Nahodha.

— Mama alikuwa anavuka juu ya mbao tangu mnachumbiana na dada. Ziliwahi kumtelezesha?

Nahodha akamtazama Msumari. Msumari akamtazama Profesa, na Profesa akatazama ndani ya kikombe. Kule kwenye magogo boti ilikuwa wazi juani, mbao zake tupu, kavu, vilevile zilivyokuwa tangu siku ile alipolibandua zulia. Ingeweza kushushwa majini asubuhi yoyote. Ningeweza kuwatukana wote watatu, na maneno nilikuwa nayo, lakini mbele ya binti yule niliinama nikaokota tupa yangu.

— Kuvunjika kwa koleo..., Msumari akaanza.

— Nyamaza! Mama Buli akamkaripia, na sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Shemeji akakiweka kile kipande juu ya benchi, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Nahodha akavaa kandambili zake haraka haraka, ya kulia mguu wa kushoto.

— Twende, akasema. Nakuja na wewe hospitali.

— Hapana, shemeji. Dada amesema usijisumbue kuja. Amesema uendelee kuchagua.

Akageuka akaondoka. Nahodha alibaki amesimama barabarani, na hakuna aliyemwambia akae.