Fundi Hemedi Chilumba na Daraja la Reli Mbili

Tarehe 30 Juni 2025 Fundi Hemedi Chilumba anastaafu rasmi, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Mtwara kwa miaka thelathini na moja. Alianza katika karakana ya useremala, akahamia ufuaji vyuma, kisha akakabidhiwa chumba kidogo cha uani kilichokuwa na meza moja, popo wengi na sanduku la treni ya modeli tuliyopewa na chuo rafiki. Popo aliwahamisha kwa adabu, treni akaiwasha, na tangu hapo chumba kikawa chake.

Wageni hushangaa chuo cha mji usio na treni kufundisha mambo ya reli. Fundi Hemedi huwajibu kwamba hata kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele huutafiti mkorosho kwanza kabla haujafika shambani kwako. Wanafunzi wake leo wanafanya kazi kwenye reli za Morogoro na Dodoma, na wakija likizo humpitia hata kabla ya kufika kwao. Ni mkarimu kwa kila kitu isipokuwa bisibisi. Aliyeiazima huulizwa habari za bisibisi kabla ya habari za nyumbani.

Mwaka juzi wahitimu hao walituletea reli mpya za modeli, pana na nene, pamoja na treni yake. Tatizo likawa daraja. Daraja letu lilinunuliwa likiwa vipande vya plastiki vya kuunganisha, na lilitengenezwa kwa reli zetu za zamani tu, zile nyembamba. Reli mpya hazikuenea kati ya kuta zake. Wengi wetu tulishauri za zamani zitupwe. Fundi Hemedi alikataa katakata, akisema nchi hii ina reli za upana tofauti, na anayejua moja tu ni nusu fundi. Akachukua msumeno mdogo, akalipasua daraja zima katikati kwa urefu wake. Maji alikwisha kuyavulia nguo, ikabidi ayaoge.

Alilipanua kwa vipande vya bati la alumini, akachonga sakafu mbili za mbao, moja ya reli za zamani na moja ya reli mpya. Kila sakafu ilikuwa na unene wake, ili treni isiruke inapoingia darajani. Ukitaka kubadili reli, unachomoa sakafu moja na kuingiza nyingine, kama mtoto wa meza, kisha unaikaza kwa skrubu. Tulimpigia makofi, naye akazidi kunogewa. Kwa kuogopa mchwa, akazipaka sakafu zote mafuta ya maganda ya korosho.

Mtoto yeyote wa huku anajua mafuta yale yanavyobabua. Fundi wetu alibabuka viganja vyote viwili, na siku ya maonyesho, joto lilipopanda, mafuta yakachuruzika hadi kwenye reli. Treni hizi hupata umeme kupitia reli, kwa hiyo ilipofika katikati ya daraja ikazima, mbele ya wazazi na wageni waalikwa. Tunacheka mpaka leo, na yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Mkuu wa chuo, Bi. Rehema, hakucheka. Alisema wazi kwamba chumba kinachojulikana na mtu mmoja hakina maisha, na Fundi Hemedi akistaafu kitakuwa stoo ya saruji. Maneno hayo yalimwingia. Kwa majuma kadhaa chai yake ilipoa mezani bila kuguswa, nasi tuliumia kumwona hivyo, kwa sababu tulijua Bi. Rehema hakukosea.

Ndipo akaanza kazi iliyomshinda miaka yote, yaani kumwachia mtu mwingine. Alimchagua Nasra Jumanne, mwalimu wetu wa umeme. Wakachonga pamoja sakafu mpya za mninga mkavu, safari hii bila mafuta. Mwanzoni Nasra alikuwa akishika kisu, Fundi anakichukua. Baadaye Fundi alijifunza kuikalia mikono yake.

Mwezi Mei Bi. Rehema alikuja kuamua hatima ya chumba. Alitaka Nasra abadili reli peke yake, na Fundi Hemedi akae pembeni. Nasra akaingiza sakafu ya kwanza, lakini hakuikaza kwa skrubu kama alivyofundishwa. Alitumia kabari ndogo alizozikata mwenyewe. Fundi alinyanyuka nusu, akafungua mdomo, akaufumba, akakaa.

Treni ya zamani ikapita. Nasra akachomoa kabari, akabadili sakafu bila kugusa bisibisi, na treni mpya nayo ikapita bila hata kutikisika. Bi. Rehema akaagiza saruji itafutiwe mahali pengine. Fundi Hemedi alisogea, akainama, akazitazama zile kabari huku machozi yakimlengalenga. Kisha akamwomba Nasra amfundishe namna ya kuzikata.

Tunakushukuru, Fundi, kwa ufundi wako, kwa vicheko, na kwa siku ile uliyonyamaza. Wewe na mkeo, Bi. Tatu, pale mtaani kwenu Rahaleo, tunawaombea afya, riziki na umri wenye baraka. Kapumzike vyema. Chumba kina mwenyewe.