Kesi ya Mwisho ya Hester Mary Kingdon

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamsindikiza dada yetu, familia inaomba msikilize habari zake kwa mara nyingine, tangu siku aliyokuja duniani hadi siku aliyotutoka.

Hester Mary Kingdon alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 mjini Bideford, Devon, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Bwana Walter Kingdon, rubani wa meli katika mto Torridge, na marehemu Bi. Edith Kingdon, na tangu utotoni alikuwa mbishi, hata mama yake alizoea kuwaambia majirani kwamba mtoto huyu ukimwambia mvua inanyesha, hutoka nje kwanza akaloa, ndipo akubali.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapo hapo Bideford, akaingia Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 1975, akahitimu sheria mwaka 1978, na mwezi Novemba 1979 akakubaliwa kuwa wakili wa mahakamani katika Middle Temple, kimojawapo cha vyama vya kale vya mawakili wa London. Mwaka uliofuata alipokewa kama mwanagenzi katika chemba, yaani ofisi ya pamoja, ya Garth Court, ya mawakili wa biashara, wanaotetea kesi za meli zilizozama, bima zilizokataliwa na shehena zilizooza njiani, wala hakuihama tena. Mwaka 2001 alivishwa joho la hariri, yaani alipewa cheo cha wakili wa Malkia, cha juu kabisa kwa mawakili wa mahakamani.

Tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na Bwana Leonard Ambrose Peake, mwalimu wa muziki, katika kanisa la St Mary, Bideford, nao wakajaliwa watoto wawili, Cecily, aliyezaliwa mwaka 1987, na Rowland, aliyezaliwa mwaka 1990, ambao wote wako hapa.

Katika chemba ile mawakili hawana ubia, hushiriki paa na karani, lakini kila mmoja hula jasho lake, kwa hiyo hutokea mara nyingi wawili wa chemba moja wakapambana katika kesi moja, na desturi yao ni kwamba, tangu siku hiyo hadi uamuzi utoke, hawaingiliani vyumbani wala hawaketi meza moja, ili mteja wa yeyote asije akashuku kitu. Chumba kilichopakana na cha Hester kilikuwa cha Bwana Edmund Garrick Thwaite, aliyeanza naye uanagenzi, na kila Alhamisi walikula pamoja katika ukumbi wa Temple, wakibishana mpaka wapishi wakawazoea. "Wewe Hester hata mkate unaupinga," Edmund alikuwa akisema, naye akimjibu, "Umekauka, bwana, na ushahidi uko mezani." Walipopangwa kupingana, Alhamisi zilisimama, na siku uamuzi ulipotoka, aliyeshindwa ndiye aliyebisha hodi kwa mwenzake, wakaenda kula. Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwezi Februari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya kongosho, wakati Hester na Edmund wamekwisha kupangwa kupingana katika usuluhishi wa meli moja, ambayo familia haikuambiwa hata jina lake, maana mambo ya usuluhishi, unaoamuliwa faraghani nje ya mahakama, ni siri. Daktari alimruhusu kufanya kazi maadamu nguvu zipo. Leonard alimsihi, "Mwambie Edmund, jamani, huyo ni ndugu yako," naye akakataa kabisa, akasema, "Nikimwambia atanihurumia, na huruma hiyo atailipa mteja wake. Mwache anipige kama anavyonipiga siku zote." Akatukataza sote, na karani wao, Bwana Dennis Scully, naye akaonywa vivyo hivyo.

Shauri lilisikilizwa Mei na Juni. Asubuhi moja, katikati ya kumhoji shahidi, Hester aliomba mapumziko mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Edmund akasema mbele ya wasuluhishi, "Naona maswali yamemwishia mwenzangu msomi." Watu wakacheka. Hester, akiwa ameshika ukingo wa meza kwa maumivu, akajibu, "Hayajaisha, nayapumzisha tu, shahidi wako ameyachosha," wakacheka tena, na Edmund kuliko wote.

Edmund alimwona anavyokonda. Ametueleza mwenyewe wiki iliyopita kwamba alitaka kumwuliza, akajizuia, akiona kuwa kumwuliza mpinzani hali yake katikati ya kesi ni kumchungulia udhaifu. Hivyo mmoja alificha kwa heshima, na mwingine akanyamaza kwa heshima, na ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa wa mbao tu.

Maneno yalipokwisha, wasuluhishi walikwenda kuandika uamuzi, na Hester akalazwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, Hackney. Kila siku aliuliza kama uamuzi umetoka. Leonard akamwambia, "Mke wangu, uamuzi hautakungoja." Tarehe 17 Agosti, siku ya Alhamisi, alisema, "Mwiteni. Nimechoka kuwa hodari." Edmund alifika jioni ile ile, lakini dawa zilikuwa zimekwisha kumwondolea Hester usemi. Aliketi, akamshika mkono, akamsimulia supu mbaya ya ukumbini na wapishi waliomwulizia, hakuigusa kesi hata kwa neno moja, na mwisho akasema, "Nilikuona, Hester. Nilikuona nikanyamaza." Hatujui kama alisikia. Alifariki dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2023.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Mtaa wa Wilmer waliotuletea chakula, Bwana Scully, na mawakili wote wa Garth Court. Bwana Thwaite, hatukukatazi kulia, ila tunakuambia mbele ya watu hawa kwamba hukumkosea, alitaka apigwe na wewe na si mwingine.

Uamuzi ulitoka Jumanne ya wiki hii. Nani ameshinda hatujui, wala hatutauliza, kwa kuwa hata msibani siri ile ni siri. Edmund aliomba yeye mwenyewe amwambie Hester hapa kwamba umetoka, na tangu asubuhi sauti imemkataa, kwa hiyo familia inasema badala yake.

Hester, Edmund anakwambia kesi imekwisha. Pumzika sasa, kwa amani.