Mstari Alioandika Awino

HECHE: Haloo. Nani mwenzangu?

AWINO: Kaka Heche, ni Awino. Awino wa kituo cha afya.

HECHE: Awino.

AWINO: Habari za Kemambo?

HECHE: Nzuri. Za huko Serengeti?

AWINO: Nzuri tu. Shemeji hajambo?

HECHE: Hajambo. Miaka miwili hujapiga simu, Awino. Sema kilichoharibika.

AWINO: Mtandao.

HECHE: Wote?

AWINO: Wote. Maabara, famasi, mapokezi, wodi. Mokami wa maabara anapeleka majibu kwa miguu, na mvua inanyesha. Kuna mama ameletwa kutoka Kisaka, anahitaji damu. Karatasi yake ilifika wodini imelowa, kundi la damu halisomeki. Mokami ikabidi arudi akaandike nyingine.

HECHE: Mama anaendeleaje?

AWINO: Ametundikiwa damu sasa hivi. Lakini wako wengine –

HECHE: Haya. Ulifanya nini? Anzia mwanzo.

AWINO: Daktari Joram alikwenda semina Musoma, akarudi anasema mapokezi wasiwe wanaona majibu ya maabara. Nikamweleza kwamba zile kompyuta tatu, ya maabara, ya famasi na ya mapokezi, ni za programu tu, zote zimo ndani ya seva moja, na ili kuzitenganisha zinahitaji swichi yao humohumo ndani. Akauliza bei. Nikamwambia hiyo ni programu, ni ya bure, mtu yeyote anaipakua. Hajawahi kunichekea vile. Akasema iwekwe leo.

HECHE: Open vSwitch.

AWINO: Hiyohiyo. Ile uliyotaka kuiweka wewe.

HECHE: Niliyokuwa nimeshaiweka.

AWINO: (mikwaruzo) ...Ndiyo. Baada ya wewe kuondoka waliifuta.

HECHE: Endelea.

AWINO: Kuisakinisha hakukunisumbua. Nikatengeneza daraja, yaani hiyo swichi yenyewe, nikaliita br0. Halafu nikachukua kadi ya mtandao, ile inayopokea waya wa nje, nikaiunga kwenye daraja. Nikabonyeza. Taa zinawaka vizuri tu, ila hakuna kinachopita.

HECHE: Uko kwenye seva yenyewe?

AWINO: Nimeipigia magoti.

HECHE: Anwani ya seva iko wapi?

AWINO: Kwenye kadi. Pale pale ilipokuwa.

HECHE: Ndiyo shida. Ukishaiunga, ile kadi inakuwa waya tu wa daraja. Umehamisha mlango wa nyumba, namba umeiacha ukutani. Wageni wanabisha ukuta.

AWINO: Sasa –

HECHE: Ngoja. (kwa mbali) Wee ng'ombe, toka kwenye mahindi ya watu. Toka. (anarudi) Haya. Futa anwani kwenye kadi. Andika ip addr flush dev, halafu jina la kadi.

AWINO: Eno1. Nimefuta.

HECHE: Lipe daraja anwani ileile. Usibuni nyingine.

AWINO: Ileile. Nimelipa.

HECHE: Liwashe. Kisha weka njia ya kutokea, ielekee kwenye ruta.

AWINO: Polepole, kaka, unakatika-katika.

HECHE: Nimesema ruta. Njia ya kutokea.

AWINO: Nimeweka. Inajibu.

HECHE: Inajibu nini?

AWINO: Kila kitu. Mokami amesimama mlangoni na karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Anaangalia skrini. Amerudi zake.

HECHE: Hujamaliza. Seva ikizimika, daraja litabaki ila hiyo anwani na njia zitapotea. Ziandike kwenye faili la mtandao. Kutenganisha maabara na mapokezi ni kuipa kila poti ya swichi namba yake, lakini hilo lisubiri siku ambayo hakuna mtu anangoja damu.

AWINO: Sawa. Umeijua haraka sana.

HECHE: Niliwahi kuiona.

AWINO: Siku ile?

HECHE: Siku ile. Nilikuwa nimeweka swichi, sijaunga kitu, nikaenda kula. Niliporudi mtandao umekufa. Nikaangalia kwenye seva amri zilizoandikwa, nikakuta mstari mmoja ambao si wangu. Saa saba na dakika kumi. Saa saba na dakika kumi mimi nilikuwa kwa mama Robi, nakula makande.

AWINO: (mlango unafungwa)

HECHE: Upo?

AWINO: Nipo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba hatua inayofuata ni kuunga kadi. Nikaona nikusaidie, urudi ukute kazi imekwisha.

HECHE: Nilifikiri hivyo.

AWINO: Kwenye kikao walichokufukuzia hukusema.

HECHE: Kwenye kikao walikuuliza wewe kwanza.

AWINO: Nikasema sijagusa.

HECHE: Nilisikia.

AWINO: Nilikuwa na wiki tatu kazini, kaka Heche.

HECHE: Najua. Mimi nilikuwa na miaka sita.

AWINO: (mikwaruzo) Ungewaonyesha tu ule mstari.

HECHE: Daktari hakutaka kuona skrini. Alitaka jina. Nikakuangalia, nikaona unatetemeka mpaka kiti kinalia. Nikasema basi, mimi nyumbani nina ng'ombe.

AWINO: Mimi sikulala wiki nzima.

HECHE: Mke wangu hakuongea na mimi mwezi mzima.

AWINO: Kaka –

HECHE: Nakueleza tu ilivyokuwa.

AWINO: Subiri. Daktari anaingia. Usikate. (kwa mbali) Ndiyo, daktari, mtandao umerudi. ...Hapana, si umeme. Niliukata mimi. ...Nilikosea hatua moja. Aliyenielekeza ni Heche, yuko kwenye simu hapa. ...Heche, ndiyo. Huyohuyo. Daktari, na ule wa mwaka juzi niliukata mimi vilevile. Yeye alikuwa amekwenda kula. ...Hapana, hajanituma niseme. ...Ndiyo. Nitaandika, nitaweka sahihi. Kama kuna kikao, nitarudia mbele ya wote.

HECHE: Awino.

AWINO: (anarudi) Nipo.

HECHE: Una uhakika na ulichofanya?

AWINO: Kimeshafanyika. Anauliza kama utakubali kuongea naye.

HECHE: Anataka kusema nini?

AWINO: Hajui bado. Amekaa juu ya boksi la glavu, amevua miwani.

HECHE: Mwambie atafute maneno bila haraka. Nikimaliza kukamua nitapokea.

AWINO: Ameitikia. Na mimi ameniambia nimfuate ofisini.

HECHE: Nenda. Usilie mbele yake, eleza tu.

AWINO: Sawa. Salio linaisha, simu imeshapiga ile milio. Kaka Heche, mimi nilikuwa nataka, kabla ya yote, nataka unisa –

HECHE: Haloo? Awino? (mlio wa simu iliyokatika) ...Haya. Nimesikia.