Mama wa Dirisha Aliyetuambia Tusiingie

Jumamosi hii, tarehe 31 Agosti 1985, Mama Mukamugema anafunga dirisha la tikiti la Sinema Mwangaza na kutuachia ufunguo, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Sebahire, mwendesha mashine, niandike wasifu wake. Kamati ina watu watatu. Wawili walikataa, na wa tatu ni mimi.

Kwa asiyetujua, Sinema Mwangaza ni ukumbi wa Goma wenye jina kubwa kuliko umeme wake. Viti vyetu ni vya mbao, na mvua ikipiga mabati hakuna anayesikia mwigizaji anasema nini. Katika ukumbi huo nimeendesha mashine miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo picha zangu zimeanza zikiwa na ukungu kama wa asubuhi ya Masisi, zikatakata watu walipokwisha kupiga miluzi ya kutosha. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni nani anayemsifu mwenzake.

Mama Mukamugema alishuka kutoka milima ya Masisi akiwa mjane mwenye watoto wanne, akapanga nyumba mtaa wa Murara hapa Goma, akaomba kazi kwa mzungu aliyekuwa mwenye ukumbi siku hizo. Alikuwa hajawahi kuona sinema. Mzungu alimuuliza kama anajua kuhesabu, naye akajibu kwamba amehesabu ng'ombe tangu utoto, na ng'ombe hawatulii. Akapewa dirisha.

Desturi yake ilianza yenyewe. Filamu zetu huingia Alhamisi na kutoka Jumapili. Alhamisi, ukimuuliza filamu ikoje, alikujibu, "Sijaiona bado, siwezi kukudanganya." Ijumaa alikuwa ameiona, na hapo ndipo mlolongo ulipokuwa mrefu, kwa sababu kila mtu alinunua tikiti na maoni yake kwa bei moja.

Maoni hayo yalikuwa yake mwenyewe, hakuyaazima popote. Filamu za wachunga ng'ombe wa Amerika zilimuudhi. "Ng'ombe mingi hivi," alisema, "na hakuna mutu anakamua hata mumoja. Sasa wanakunywa nini?" Za karate alizikubali kwa sharti: "Wanapigana vizuri, lakini hakuna mwenye kazi." Za Kihindi alizipenda mpaka wapendanao walipoanza kuimba kwenye mvua. Hapo aliondoka, kwa kuwa hakutaka kuona watoto wa watu wakitafuta homa.

Nami nilikuwa na maoni. Nilisoma seminari ndogo miaka miwili kabla mapadri hawajaniombea njia nyingine, na nilibaki na Kifaransa kirefu ambacho sikuwa na mahali pa kukitumia. Nilimsikiliza Mama nikiwa juu kwenye chumba cha mashine, nikajisemea kwamba siku moja watu wa Goma watapata mtu wa kuwaeleza sinema ni nini. Siku hiyo ilifika, na hawajanisamehe.

Ilikuwa mwaka 1976. Wazungu walikuwa wamekwisha kuondoka, na ukumbi ulikuwa umepewa raia Mulumeoderhwa, mfanyabiashara wa Bukavu, bosi tunayemwita patron, ambaye leo yupo kiti cha mbele na ameniruhusu kuandika haya. Patron alikuja Ijumaa bila kutuarifu, akasimama karibu na dirisha kuona kazi inavyokwenda. Akafika Théoneste, fundi cherehani wa mtaa wa Katoyi, mteja wetu wa kila wiki, akiwa na noti mkononi. Mama alimtazama, akairudisha ile noti.

"Papa Théoneste, hii usiingie. Rudi nyumbani."

"Iko mubaya?"

"Hapana. Lakini yako haiko hii. Njoo wiki ingine."

Théoneste aliondoka. Patron akatoka nyuma ya nguzo akiwa amevimba kama chura, akamuuliza Mama kwa nini amemfukuza mteja mwenye pesa wakati viti vinakaa vitupu. Watu walikuwa wamesimama pale, na Théoneste mwenyewe alikuwa hajafika mbali. Mama hakujibu. Patron aliuliza tena, na mara ya tatu alimwambia kwamba kuanzia kesho atafagia ukumbi, na ashukuru hajafukuzwa. Mama alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akamalizia kuuza tikiti za waliobaki kwenye mlolongo. Siku hizo mtoto wake wa pili alikuwa anamalizia shule ya sekondari, na sote tulijua kwamba mfagiaji hawezi kusomesha.

Patron akatafuta mtu wa dirishani mwenye elimu. Nilikuwa nimesimama karibu sana.

Nilikuja Jumamosi nimevaa abakosti mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Mtu wa kwanza aliuliza filamu ikoje. Nikamweleza kuhusu kivuli na mwangaza, na jinsi mwongozaji alivyoficha huzuni katika milango. Nilikuwa bado kwenye mlango wa pili alipokatiza.

"Papa, nauliza tu kama iko muzuri."

"Inategemea," nikamwambia. "Uzuri ni nini?"

Alinitazama kwa huruma, akaenda ufukweni Kituku kutazama mitumbwi ikirudi, kwa sababu mitumbwi haina maelezo. Wengine walimfuata. Waliobaki waligundua kwamba wakizunguka nyuma ya ukumbi watamkuta Mama na ufagio wake. Wakawa wanapita kwake kwanza, kisha wanakuja kwangu na kuninyooshea pesa bila kuniangalia usoni, kama mtu anayelipa faini.

Tena mashine ilikuwa bado yangu. Nilifunga dirisha, nikapanda ngazi mbio, nikaweka mkanda nikitweta. Jioni moja katika wiki ya pili nilianza na mkanda wa tatu. Shujaa alikufa, akazikwa, kisha akaonekana shambani akichumbia. Watu walianza kuulizana. Mmoja alipanda kuniuliza, nami badala ya kusema nimekosea, nilimjibu kwamba mwongozaji anataka tufikirie upya maana ya wakati. Alishuka akawaeleza wenzake. Kwa siku kadhaa kulikuwa na watu mjini waliofikiria upya maana ya wakati kwa sababu ya ngazi zile.

Ijumaa iliyofuata Théoneste alirudi. Aliinama dirishani, akaniona mimi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama iko wapi?"

Nilimwambia yuko nyuma anafagia, kwa sababu alimkataza mteja kuingia mbele ya patron, kisha akakataa kueleza kwa nini. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua mambo ya ofisi. Théoneste alishika ukingo wa dirisha.

"Ule muteja ni mimi," alisema.

Ndipo nilipopata habari ambayo Mama alikuwa nayo tangu siku ile. Mtoto wa kwanza wa Théoneste alikuwa amezama ziwani, na mazishi yalikuwa bado mabichi. Alikuja sinema kwa sababu nyumbani hapakukalika. Filamu ya wiki ile ilikuwa na mtoto anayezama, na kamera haikugeuka mpaka maji yalipotulia. Mimi niliyeiendesha mashine, nikawaeleza watu milango yote, sikuwa nimekumbuka yule mtoto hata kidogo.

"Alifanya vizuri kunyamaza," Théoneste akasema. "Angejibu, ningesikia pale pale njiani, mbele ya watu."

Alikwenda mwenyewe kwa patron, aliyekuwa amekuja tena wiki hiyo na kulala hoteli kabla ya kurudi Bukavu. Sijui waliongea nini. Najua kwamba Jumamosi patron alizunguka nyuma ya ukumbi, akamkuta Mama anakusanya maganda ya karanga, akamsaidia kushika kopo la taka. Patron si mtu wa maneno ya kuomba radhi, kwa hiyo alisema tu, "Sebahire anatumalizia watu. Rudi dirishani."

Mama alinawa mikono kwanza. Kisha akaja kuchukua ufunguo kwangu, akaniambia nisihuzunike, maana mashine yangu inanisubiri na haiulizi maswali. Mlolongo ulinipigia makofi nilipotoka. Sijawahi kushangiliwa namna ile tena.

Miaka iliyofuata alisomesha wanne wote, na mmoja wao leo ni muuguzi hapa mjini. Aliwapatanisha wachumba kwa kuwachagulia filamu na kuwatenganisha wengine kwa njia hiyo hiyo. Patron alipomwamuru mara moja asifu filamu mbovu iliyokuwa imemgharimu sana, alitii. Kila aliyefika aliambiwa, "Patron anasema iko muzuri sana," na kila aliyefika alikwenda zake. Amri hiyo haikutolewa tena.

Mwezi uliopita tulimuuliza anataka tumuage kwa filamu gani. Alichagua ile ya zamani ambayo nakala yake ilibaki ghalani kwetu, ya mwanamke anayeishi peke yake mlimani. Mume wake anarudi baada ya miaka mingi, mvua inanyesha, anabisha, na mke hafungui mpaka asubuhi. Mama aliichukia filamu hiyo kuliko zote. Kila tulipoionyesha aliwaonya watu dirishani kwamba ndani kuna mwanamke mwenye roho ya jiwe, na kwenye tukio la mlango alifyonza kwa sauti mpaka ukumbi mzima ukazoea kumngoja. Émérance, muuza karanga wa getini, alibishana naye miaka yote kwamba anamwonea yule mwanamke. Mama alimjibu kwamba karanga zake na maoni yake vyote vimeungua. Sasa alitaka amwone mara ya mwisho, amseme vizuri, aende zake kupumzika.

Jumapili iliyopita alasiri patron mwenyewe aliketi dirishani ili Mama aingie mapema. Tulimpa kiti cha katikati, Émérance akakaa pembeni yake. Taa zikazimwa. Safari hii nilikuwa nimeifuta lenzi tangu asubuhi, na picha ilitoka safi. Mara nikasikia sauti ya Mama kutoka chini.

"Sebahire, umekosea tena mukanda. Hii iko filme ingine."

Nami, kwa historia yangu, nilimwamini. Niliwasha tochi nikasoma kopo la mkanda. Lilikuwa la kwanza.

Hapo ndipo tulipoelewa, sisi tuliofanya naye kazi miaka yote hiyo. Dirisha hufungwa baada ya mchelewaji wa mwisho kuingia, na watu wa Goma tunajijua. Mama aliingia gizani kila siku filamu ikiwa njiani. Hakuwa ameona mwanzo wa filamu hata moja. Waliokuwa ndani walipata mwanzo wenye ukungu wangu, kwa hiyo hata waliotaka kumsahihisha hawakuwa na uhakika wa walichokiona.

Nikamwambia kwa kupitia tundu la mashine kwamba filamu ni ile ile. Kwenye mwanzo ule, yule mume anaondoka alfajiri, anamfungua punda pekee wa nyumba, anapakia mizigo yake, na ndani mama mzazi wa mke yuko hoi kitandani. Daktari yuko ng'ambo ya mlima. Mke anambeba mama yake mgongoni, na kabla hajafika bondeni mzigo unakuwa mzito kwa namna ambayo kila aliyewahi kubeba mgonjwa akamfia mgongoni anaijua.

Filamu ikaendelea mpaka kwenye mvua. Mume akabisha. Ukumbi mzima ukatega sikio kungoja mfyonzo. Haukuja. Mume akabisha mpaka asubuhi, na Mama Mukamugema alikaa wima, mikono mapajani.

Taa zilipowaka nilishuka. Alikuwa bado kwenye kiti. Hakunitazama mimi, alimtazama Émérance.

"Kumbe alikwendaka na punda," alisema.

"Nilikuambia, Mama," Émérance akajibu, bila ushindi katika sauti yake.

"Uliniambia. Nami nikawaambia watu wote wa Goma roho ya jiwe." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza kama filamu itarudi tena baada ya sherehe. Patron alisema ikiwa anataka, itarudi. Basi, akasema, iwekwe, na yeye atasimama nje ya dirisha, si ndani, awaambie watu waingie mapema.

Mama Mukamugema, kwa niaba ya patron, ya Émérance, ya Papa Théoneste aliyeshona gauni ulilovaa leo, na ya mwendesha mashine wako ambaye ulimvumilia kuliko alivyostahili, asante kwa kazi yako na kwa ukimya wako wa siku ile. Mlango wa ukumbi uko wazi kwako bila tikiti. Mungu akupe siku ndefu za kupumzika Murara, wajukuu karibu, na maziwa yasikose nyumbani kwako. Wiki ijayo tunaanza saa kumi na mbili kamili. Kiti cha katikati ni chako, na lenzi nimekwisha kuifuta.