Kufutwa Mdomo Kama Mtoto

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi la asubuhi. Mwanamke alikunja fimbo yake nyeupe, akatoa rangi ya mdomo nyekundu, akaanza kujipaka bila kioo. Mzee aliyekaa kando yake alivumilia kituo kimoja tu.

"Samahani, binti yangu. Unajipaka ya nini, na wewe huoni?"

"Kwani wewe, mzee wangu, uso wako unauona sasa hivi?"

"Hapana."

"Na ndevu umenyoa za nini? Maana sabuni ya kunyolea nainusa hapa." Mzee alijishika kidevu. Na mimi nilijishika changu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kumbe hasira ya mwanamke ilianzia nyumbani, alivyomweleza mzee. Yeye ni mwalimu wa muziki, na leo wanafunzi wake wanaimba mbele ya wazazi wao. Alipokuwa anatoka, dada yake alimkamata mlangoni akampangusa mdomo kwa kitambaa, eti watu watamcheka.

"Mimi, mama wa watoto wawili! Nafutwa kama mtoto aliyemaliza kulishwa!"

"Alikuonea huruma tu," mzee alisema.

"Huruma gani hiyo? Haya, niambie ukweli. Rangi imetoka nje?"

Mzee alisogeza miwani. "Kidogo. Hapo pembeni, kushoto kwako."

Mwanamke akaifuta kwa ncha ya kidole. "Umeona? Hilo tu ndilo nililotaka kwake. Aniambie palipozidi, mdomo wangu aniachie mwenyewe."

"Lakini mwanangu, watu..." mzee alianza, basi likasimama. Mwanamke akakunjua fimbo, akashuka na wekundu wake.